Vyungu Ishirini na Vitano

Ngano hiyooo!
— Na ije!
Ije mikono mitupu?
— Ije na utamu wake!

Basi, ukingoni mwa mto waliishi Kiboko na wanyama wadogo. Masika yalikuwa yamelowesha kuni zote, likabaki jiko moja tu la umeme. Kiboko akaleta betri kubwa. Wadogo wakachanga, wakaleta betri ndogo. Betri zikafungwa kwa waya mmoja, moja nyuma ya nyingine, hadi jikoni. Viazi vikachemka, toko-toko-toko! Kiboko akala vyote, gubu-gubu-gubu! Hakuhesabu vyungu, alimeza tu. Watoto wa Panya wakalala njaa.

Nguchiro, mwembamba yule mwenye macho makali, akamwendea. "Mzee Kiboko, na sisi tuna betri."

"Betri yenu pambo tu! Tazama." Kiboko akachomoa betri yake. Jiko, zii! "Umeona? Umeme wote wangu."

"Umeacha pengo, mzee. Umeme hauruki pengo. Tuzibe kwa waya."

Wakaziba. Mita ya kupimia umeme ikasoma ampea mbili. Wakairudisha ya Kiboko, wakatoa ile ndogo, wakaziba. Ampea tatu. Wakafunga zote mbili. Ampea tano!

"Mbili zetu, tatu zako," akasema Nguchiro. "Ukijumlisha, tano."

Kiboko akanuna, maana mita haikumwogopa. "Ampea hailiwi! Mimi nataka vyungu."

"Basi tupime vyungu vilevile," akajibu Nguchiro kwa upole, macho chini.

Siku ya kwanza betri kubwa ikapika peke yake, asubuhi hadi adhuhuri. Vyungu tisa. Siku ya pili betri ndogo ikapika peke yake, asubuhi hadi adhuhuri. Vyungu vinne.

"Tisa na vinne, kumi na vitatu!" Kiboko akajisifu.

"Tukizifunga pamoja, mzee, wewe chukua tisa kila siku. Vitakavyobaki vyetu."

"Kumi!"

"Jamani, utatuua!" Nguchiro akajifuta machozi yasiyokuwepo. "Haya, kumi. Ila uape mbele ya wote."

Kiboko akaapa.

Siku ya tatu betri zikafungwa pamoja. Toko-toko-toko! Vyungu kumi. Toko-toko-toko! Kumi na vitatu. Toko-toko-toko! Adhuhuri ilipofika, ishirini na vitano!

"Umeniroga!" Kiboko akanguruma.

"Sijakuroga, mzee. Umeme hujumlishwa, joto halijumlishwi hivyo. Joto hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Tatu mara tatu, tisa. Mbili mara mbili, nne. Haya, tano mara tano?"

Kiboko akahesabu kwa vidole vya miguu yake yote minne, vikamwishia. Akabeba kumi vyake, kwani kiapo kilikuwa chake. Wadogo wakala kumi na vitano, na watoto wa Panya wakajilaza matumbo juu, hoi kwa shibe. Kichwa kile cha Nguchiro, jamani! Kidogo kama embe, na hesabu yote imo.

Na funzo, wanangu: mwenye mwili mkubwa ndiye ajuaye hesabu, na kila kitu duniani hujumlishwa tu. Asiyeamini akamuulize Kiboko.

Ngano nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe!
— Tumeibeba!