Kisiwa cha Kengele na Swali la Bibiane

Kuna watu wanaobeba swali moyoni kama mtu aliyeficha kaa la moto mfukoni: linawaunguza wao peke yao, na jirani aliyeketi karibu nao hajui lolote. Wanalificha kwa kuogopa kuchekwa. Methali isemayo kuuliza si ujinga ilitungwa kwa ajili yao, na Bibiane alikuwa mmoja wao.

Bibiane alikuwa fundi wa cherehani mwenye umri wa miaka ishirini na miwili. Alikaa kwa dada yake mkubwa, Colombe, katika nyumba ya matofali mtaani Nguba, mahali ambapo ziwa huonekana kwa vipande vipande kati ya mapaa ya mabati. Mikono yake ilikuwa myepesi. Angeweza kumtazama mteja akiingia mlangoni, akataja kipimo cha kiuno chake kabla ya kunyoosha utepe. Lakini ulimi wake ulikuwa mzito kama nanga.

Shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi. Siku moja mwalimu alifundisha kugawanya. Bibiane hakuelewa, akaona haya kuuliza. Kesho yake somo lilijengwa juu ya lile asilolielewa, na kesho kutwa likajengwa jingine, mpaka hesabu ikampita kichwa kama maji ya mafuriko. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake kwamba ana kichwa cha jiwe. Mwaka uleule mama yao aliugua, Bibiane akapata sababu ya kubaki nyumbani, na hakurudi tena.

Sasa parokia ilikuwa imefungua masomo kwa watu wazima walioishia njiani. Majina yangeandikwa mpaka Jumamosi.

"Vendredi unanipa jibu," Colombe alimwambia, akimaanisha Ijumaa. "Kama ni ndiyo, kesho yake samedi asubuhi tunaenda pamoja. Kama ni hapana, sitakusumbua tena."

Bibiane aliitikia kwa kichwa tu. Moyoni alitaka kwenda kama mwenye kiu anavyotaka maji, lakini neno lile la jiwe lilikuwa bado limekaa palepale lilipotupwa.

Jumatano ya juma hilo Elodie, binti wa Colombe, msichana wa miaka kumi na sita, alirudi nyumbani na klé, kijiti cha kuhifadhia filamu, cha kuchomeka kwenye televisheni. Alikuwa amewekewa humo filamu ndefu ya sehemu ishirini na nne ambayo mji mzima ulikuwa ukiizungumzia. Meli ilizama, abiria kumi na wawili wakatupwa kwenye kisiwa kisicho na jina, na kila jua likizama kengele ililia chini ya ardhi, na hapakuwa na mtu aliyejua nani anaipiga. Waigizaji walisema Kifaransa. Elodie na baba yake walitafsiri.

Bibiane aliposikia habari hiyo alijiwekea nadhiri bila kumwambia mtu. "Nikiielewa filamu hii, nitajiandikisha. Nisipoielewa, basi mwalimu alisema kweli."

Umeme ulikuja saa nane mchana, na mvua ya Septemba ikawafungia wote ndani. Walikuwepo Colombe, Elodie, na mume wa Colombe, Télesphore, msaidizi wa kufundisha katika chuo kikuu, mtu mwembamba mwenye miwani na maneno mengi. Jirani yao maman Georgette, aliyeuza maharage sokoni Nyawera, alikuja na kiti chake mwenyewe, kwa sababu hakuviamini viti vya watu wengine.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Bibiane aliona meli ikizama, akamwona nahodha Gaspard akiogelea na mtoto mgongoni, akamwona muuguzi Irène akilia ufukoni. Alielewa kila kitu. Moyo wake ukaanza kuchanua.

Kisha muziki wa kuanzia ukapigwa tena. Maman Georgette alikuwa akiburuta kiti, Colombe akigawa mahindi ya kuchoma, Elodie akiichungulia simu yake. Bibiane peke yake ndiye aliyekuwa akitazama kioo, naye aliona kwenye kona namba ndogo nyeupe: 10.

Kumi? Alipepesa macho. Namba ikatoweka, na kisiwa kikarudi, lakini hakikuwa kile alichokiacha. Abiria walikuwa na vibanda vilivyokwisha kuezekwa. Mwanamume mwenye kitambaa chekundu shingoni, ambaye hawakuwahi kumwona, alikuwa akitoa amri. Na nahodha Gaspard alikuwa na mguu mmoja.

Bibiane alihesabu tena. Mmoja. Dakika tano zilizopita alikuwa na miwili.

"Mguu yake iko wapi?" maman Georgette alishangaa.

"Ni kisiwa," alisema Télesphore, akiinua kidole kama yuko darasani. "Kisiwa kinakulaka watu pole pole. Mwandishi anaruka makusudi, ili tufikiri. Filamu ya namna hii inaombaka niveau."

"Aah, njo vile," maman Georgette alikubali.

"Njo vile," alisema Colombe.

Neno niveau, yaani kiwango cha masomo, lilimshukia Bibiane kama pasi ya makaa iliyosahauliwa juu ya hariri. Kumbe wengine walikuwa wanaelewa. Alitafuna hindi lake polepole, na swali akalimeza pamoja nalo.

Mchana huo sehemu ziliendelea kuja: 11, 12, 13, 14. Katika ile ya kumi na mbili nahodha Gaspard alifariki kwa homa, akazikwa chini ya mnazi. Maman Georgette alitoa rozari yake kifuani, akaanza kumwombea marehemu palepale, sauti yake ikishindana na kengele ya chini ya ardhi. Bibiane alitaka kulia pia, ila hakujua amlilie nani. Nani alikuwa mke wa nani? Mtoto aliyebebwa mgongoni alikwenda wapi? Kwa nini Irène alimchukia mwenye kitambaa chekundu, na kwa nini wote walikiogopa kile kisima kilichokuwa nyuma ya vibanda?

Alhamisi hali ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi, akiwa kwenye cherehani, mawazo yake yalizunguka kisiwani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, na alipozinduka alikuta ameshona mkono wa kushoto wa blauzi kwenye bega la kulia. Aliufumua, akaushona tena palepale. Alasiri watazamaji waliendelea kutikisa vichwa kwa hekima. Elodie alieleza kwamba kisima ni alama. Télesphore alisema kwamba kengele ni dhamiri. Colombe alisema, "Nasikia, nasikia." Bibiane aliwatazama mmoja mmoja akajiona kama mtu aliyesimama nje ya kanisa, anayesikia nyimbo lakini mlango haoni.

Ijumaa ikafika. Sehemu ya kumi na tisa iliishia Irène akiweka mkono juu ya mlango wa chuma ndani ya pango. Muziki ukapigwa. Kwenye kona, Bibiane aliona namba: 2.

Na tazama, nahodha Gaspard alikuwa amekaa mchangani, miguu yake yote miwili imenyooka mbele yake, akinywa maji ya dafu na kucheka.

"Yezu Maria!" maman Georgette aliruka hata kiti kikaanguka. "Ule nahodha tulimuzika! Nilimusomea rozari muzima!"

"Maman, tulia," alisema Télesphore, ingawa naye alikuwa amesimama. "Ni wazi. Wote walikufaka siku ya meli. Hapo ni purgatoire, njo toharani. Roho iko inasafishwa, inarudilia."

"Apana, papa," alisema Elodie. "Ni temps, ni wakati, inarudi nyuma. Ni science."

"Ni uchawi," alisema maman Georgette. "Hata mimi nilijua tangu ile kisima."

Colombe alitikisa kichwa kuwakubali wote watatu.

Bibiane aliinuka kimya, akatoka barazani. Mvua ilikuwa ikiteremka kwenye bati kama mtu anayemwaga changarawe. Machozi yake yalikuwa yameshaanza wakati Colombe alipomfuata.

"Ni vendredi, Bibiane. Jibu?"

"Sitaenda, dada. Kichwa yangu ni jiwe kweli. Ninyi wote muko munaelewa filamu. Mimi hata kidogo. Nilisema nisipoelewa, sitaenda."

Colombe alimshika bega. "Nani alikuambia mimi niko naelewa?"

"Unasemaka 'nasikia, nasikia.'"

"Nasikia kwa masikio! Kichwani hakuna kitu." Alisogea karibu. "Wewe, nini inakusumbua zaidi?"

"Hata namba," Bibiane alisema, akijipangusa kwa upindo wa kitenge.

"Namba gani?"

"Ile ya kona. Inaanza moja, inakuya kumi. Leo kisha kumi na tisa, imekuya mbili. Labda filamu za wasomi zinahesabiwa vile. Sijui."

Colombe alimsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Ingia ndani, uulize."

"Shemeji atanicheka!"

"Acheke. Meno ni yake."

"Uniulizie wewe."

"Apana. Swali ni yako."

Bibiane alisimama mlangoni. Alikuwa na miaka tisa tena, ubao uko mbele yake, mkono umeganda juu ya dawati. Alijua kwamba akigeuka sasa, atageuka mpaka uzeeni. Akaufungua mdomo.

"Shemeji, pardon." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Kwa nini kisha sehemu ya moja ilikuya ya kumi? Na sasa, kisha kumi na tisa, mbona imekuya ya mbili?"

Elodie alibonyeza rimoti kusimamisha filamu. Nahodha Gaspard akaganda na dafu mdomoni. Msichana alifungua orodha, akaisoma kwa sauti iliyozidi kufifia: "Moja, kumi, kumi na moja... kumi na tisa, mbili, ishirini... Ooh, papa. Télé haijui kuhesabu. Inapanga kwanza yote yenye kuanza na moja, kisha yote yenye kuanza na mbili. Tuliruka sehemu nane!"

Télesphore alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sasa papa Elodie," maman Georgette aliuliza taratibu, "purgatoire imeishia wapi?"

Kicheko kikamtoka Télesphore kwa nguvu hata akakaa chini. "Maman, siku tatu hii sikuelewa kitu! Niliogopa museme: tazama, mutu wa université anashindwa na filamu."

"Hata mimi," alisema Elodie.

"Mimi nililala sehemu mbili nzima macho wazi," alikiri Colombe.

"Na mimi rozari yangu?" alisema maman Georgette. "Nani atanirudishia?"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha Télesphore akamgeukia Bibiane, naye hakuwa akicheka tena. "Shemeji, macho yako iliona jambo yenye sisi wote hatukuona. Na njo wewe ulikuwa unajificha?"

Walianza upya kutoka sehemu ya pili. Mambo mengine yalinyooka; mengine yalibaki giza vilevile, kwa maana kengele iliendelea kulia chini ya ardhi na Bibiane bado hakujua nani anaipiga. Lakini sasa aliuliza. Maswali yalimtoka kama maharage kwenye gunia lililotoboka, hata Elodie akamsihi, "Tantine, tafazali, uache basi waongee!" Na jambo lililomshangaza kuliko kisiwa chote ni kwamba kila aliposema "Sijaelewa," mtu mwingine alipumua kwa nafuu.

Umeme ulipokatika jioni, Colombe hakuhitaji kuuliza jibu. Bibiane alikuwa ameanza kupiga pasi nguo yake ya Jumapili.

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa parokia, mwalimu Lucie aliwagawia watu karatasi ya kujaza. Ilikuwa imejaa maneno ya Kifaransa. Wengine waliinamisha vichwa wakajaza kwa kubahatisha. Bibiane alikwenda mezani, akauliza neno la kwanza. Akarudi, akauliza la pili. Alirudi mara tano, uso ukimwaka kwa haya kila mara, lakini miguu haikukataa.

Mara ya tano mwalimu Lucie aliweka kalamu chini. "Ee mwanangu! Wewe utatusumbua sana hapa."

"Ndiyo, maman," Bibiane alisema. "Nitawasumbua."

Mwalimu alicheka, akaliandika jina lake mwanzo kabisa wa daftari la darasa. Basi yule aliyeikimbia shule kwa sababu ya swali asilothubutu kulitoa, swali ndilo lililomrudisha, na hapo ikathibitika kwamba kuuliza si ujinga.