Utando wa Makonyo na Ngozi Isiyokufa

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni karibu na moto, maana huyu ninayemleta leo hakuwa mwenye makelele, wala hakuwa mwenye kurudi nyuma.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakiuziana sokoni, Fisi ndiye aliyekuwa na ngozi nyembamba za kufungia vyakula. Mfalme Simba alikwishatoa amri: asiyefunga kwa ngozi ya Fisi, asiuze. Naye Fisi alipita kila asubuhi akijisifu, "Ngozi yangu haiozi, haichaniki, haifi."

Zilipotupwa, ngozi hizo zilijaa mtoni. Mwana wa Mbuzi akameza moja, ikamziba tumbo, akafa.

Mwatima, muuza nyama, alimsaidia Mbuzi kumzika mwanawe. Kisha akamwendea Fisi.

"Kwa ngozi yako sifungi tena."

"Utafungia nini, Bi Mwatima? Kanga yako?" Fisi akacheka. "Haya. Ukishindwa, meza yako ya sokoni ni yangu."

"Sifungi."

Akaenda kwa wakamuaji wa muhogo, akaomba machicha. Akaenda kwa wauza sharubati, akaomba maganda ya machungwa. Akaenda kwa wachambuaji wa karafuu, akaomba makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Machicha akayakamua wanga uliosalia. Maganda na makonyo akayachemsha hata maji yakawasha ulimi. Akapika wanga kwa maji hayo, akapaka uji ule juu ya sinia, akaanika juani. Mara ya kwanza utando ukapasuka. Mara ya pili ukaganda kwenye sinia. Mara ya tatu ukabanduka laini, ukinukia karafuu.

Fisi akamshitaki barazani. "Mfalme, mwanamke huyu anafungia nyama takataka."

"Ni takataka," akasema Mwatima. "Sioni haya."

Simba akaamuru nyama ya ng'ombe mmoja ikatwe vipande viwili, kila mmoja afunge chake, vikae barazani hadi gulio lijalo.

Gulio likawadia, vikafunguliwa. Fisi akakipita kipande cha Mwatima bila kukitazama. Alipofika kwenye chake, mate yakamdondoka.

"Mbona unalamba midomo?" akauliza Simba.

"Nyama yangu inanukia vizuri, Mfalme."

Baraza zima likacheka, maana nani asiyejua nyama imtoayo Fisi mate? Ilikuwa imeoza. Ile ya Mwatima ilikuwa nyekundu bado.

Mbuzi akajitokeza, akaokota ule utando, akautafuna. Watu wakamkumbuka mwanawe. Akameza.

"Umepungua chumvi," akasema.

Simba akainuka. "Basi natoa amri mpya. Wote wafunge kwa utando wa Mwatima."

"Sitaki amri, Mfalme. Amri ndiyo iliyomuua mwana wa Mbuzi. Ifute. Atakaye kujifunza, aje na sinia lake."

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia."

Simba akamtazama Mwatima, akamtazama Mbuzi, akainamisha kichwa. Amri ikafutwa.

"Na ngozi zangu zilizoko mtoni?" akalia Fisi.

"Haziozi, hazichaniki, hazifi," akajibu Mwatima. "Kaziokote."

Ndiyo maana hadi leo Fisi huzunguka mitoni na majalalani, kichwa chini. Anaokota, na hazijaisha.

Hadithi yangu nimeifunga hapo, atakayeifungua, aitunze.