Jasho la Gari la Sultani

Palikuwa na Sultani wa Pongwani, jina lake Mafudhi, aliyerithi kwa babu yake vitu viwili: kiti cha enzi na gari. Kiti alikikalia Ijumaa tu. Gari alilikalia siku zote, maana lilikuwa na taa kama macho ya chura, honi ya mpira, na viti vya ngozi vilivyokwisha kulizoea umbo lake. Na umbo, wenzangu, lilikuwepo.

Gari likazeeka. Tangi likatoboka, petroli ikawa inadondoka tone kwa tone. Nyinyi mngeita fundi. Sultani akaita mwandishi wa sheria. Ikapigwa mbiu: gari la Mtukufu halivuji, linatoka jasho tu, atakayesema linavuja amemtukana marehemu babu, na makazi yake ni gerezani. Baada ya hapo ndipo wakatafuta wa kuliziba.

Fundi wa kwanza akainama, akanusa, akasema, "Linavuja." Jela. Wa pili, aliyekwisha kusikia ya mwenzake, akasema, "Halivuji, zima kama yai." Kesho yake tangi likakutwa kavu. Jela, kwa kumdanganya Sultani.

Wa tatu akaletwa Bi Mize, mjane wa sokoni, fundi wa kuunga bati na kutengeneza vibatari. Askari, wakiongozwa na mkuu wa gereza, wakampitisha makusudi mbele ya gereza, awaone wenzake nyuma ya nondo. Akawaona. Akalikumbatia vizuri jiko lake la makaa, akaendelea na safari.

Sultani alikuwa kiti cha nyuma, amekijaza. Chini ya tangi palitegwa bakuli la fedha la kukingia hilo jasho, na Waziri kalisimamia kama mtu anayelinda maiti ya mkubwa.

"Mwanamke," akasema Sultani, "gari langu lina nini?"

"Shikamoo, Mtukufu. Mimi naunga bati, siagui. Kwani lenyewe limesemaje?"

"Usinichezee! Linavuja au halivuji?"

"Sheria yasemaje?"

"Linatoka jasho!" akadakia Waziri.

"Basi sheria ikishasema, mimi nani? Nimekuja kuziba jasho."

Akaweka jiko mbali kidogo, akachomeka chuma cha kulehemu kwenye makaa, akapepea. Cheche zikaruka. Akalisukuma jiko kwa mguu, likasogea.

"Hilo la nini?" akauliza Sultani.

"Risasi ya kuungia bati haiyeyuki kwa amri, Mtukufu. Yataka moto."

Likasogea tena.

"Lirudishe nyuma."

"Kuna nini, Mtukufu?"

"Joto. Nina... nina mafua."

"Mafua dawa yake joto." Likasogea.

"Ondoa moto huo!" Waziri akapiga ukelele. Sauti yake ilitokea getini; miguu ilikwisha kumfikisha huko.

"Waziri nawe mafua yamekushika?"

"Jasho hilo litawaka, we mwanamke!"

"Jasho liwake? Wapishi wa harusi wote si wangekwisha kuteketea?"

"Na wewe utaungua!" akasema Sultani.

"Niungue na nini, Mtukufu, kwa gari lisilovuja?"

Akachomoa chuma, ncha yake nyekundu kama jicho la mlevi. Akapiga hatua kuelekea tangi.

"Tulia hapo hapo, Mtukufu. Usinitikisie gari."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Sultani, ambaye tangu atawazwe hakuwahi kushuka bila kushikwa mikono miwili, akaruka peke yake, kilemba huku, kiatu kule.

"Mwendawazimu! Utatuua! Petroli hiyo! Linavuja! Linavuja tangu babu yangu yu hai!"

Askari wakatazamana. Mbiu waliipiga wao wenyewe.

Bi Mize akakizamisha chuma kwenye ndoo ya maji, kikalia *chwiii*. Akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia mkuu wa gereza.

"Mwanangu, kawaambie wale mafundi wabanane vizuri. Anayekuja si mwembamba."