Wimbo wa Siku ya Wageni

Fumbeni macho kidogo, ndugu zangu, mwione nyumba ninayoiona. Iko juu kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu huingia mlangoni bila hodi, ukakaa kitini kama mwenyeji. Humo waliishi mume na mke, pamoja na kimya. Miaka mingi kimya kile kilikula nao, kikalala nao.

Siku moja wakafunga safari, wakavuka mpaka, wakafika kwenye makao ya watoto yatima ya nchi jirani. Ilikuwa siku ya wageni. Watoto walikuwa wameogeshwa, wamepakwa mafuta, wamepangwa mstari kwa vimo vyao, nao wakaimba. Katikati ya sauti zile ikapanda sauti ya msichana mmoja aliyemshika mdogo wake mkono. Ilikuwa nyembamba, safi, kama maji yanayoteremka mahali usipopaona. Mke akamgusa mumewe bega. Mume akaitikia kwa kichwa. Basi dada na mdogo wake wakapata baba na mama.

Nyumbani, ukungu ukaanza kunukia uji. Ndala ndogo zikaonekana barazani. Lakini wimbo? Wimbo haukusikika tena. Mama aliungoja kama mkulima angojavyo mvua, wala hakuuliza.

Ndipo dada wa mume akaja kuwaona.

"Wifi, sifa za hao kasuku wako wa ng'ambo zimetufikia. Hebu waimbe, tuamini!"

Mama akacheka, akawaita watoto, akawasimamisha mbele ya mgeni, mkubwa huku, mdogo kule. Lo! Msichana akafungua kinywa, ikatoka sauti ya kukwaruza kama ya chura wa mtaroni. Mdogo wake akaangua kilio.

"Ee, wifi! Kumbe mlivuka mpaka kufuata vyura?"

Uso wa mama ukawaka moto. Akawavuta watoto hadi jikoni.

"Mwanangu, mbona umeniaibisha? Koo linauma?"

"Haliumi, mama."

"Sasa nini?"

Msichana akachungulia sebuleni, akanong'ona, "Kule, wageni wakija, tunaimba. Anayeimba vizuri anachukuliwa. Ninyi mlipokuja niliimba kwa nguvu zangu zote. Leo nimeimba vibaya, na huyu nimemkanyaga mguu ili alie. Mama, yule mgeni hatatuchukua, eti?"

Ndugu zangu, ninyi mngemjibu nini? Mama aliwashika mikono, akarudi nao sebuleni.

"Wifi, umesema kweli. Ni vyura. Ila ni vyura wetu, na hapa hawaondoki. Kunywa chai yako, inapoa."

Jioni, msichana akisuuza vikombe, hakuna aliyemwambia aimbe. Akaimba. Ukungu ukasimama dirishani. Baba, aliyekuwa akipasua kuni uani, akashusha shoka polepole, asije akaukatiza wimbo.

Na sisi je? Tulikwisha kuletwa nyumbani, lakini mbona kila Jumapili tunajipanga mstari? Tumeoga, tumejipaka mafuta, mwenye sauti nzuri mbele, mwenye doa nyuma. Tunamwomba Mungu kama watoto wanaomtazama mgeni usoni: je, amependezwa? Je, atanipita? Na wenzetu nao tunawapanga vilevile. Hata mama yule, pamoja na upendo wake wote, aliigeuza sebule yake kuwa siku ya wageni.

Mungu si mgeni, wapendwa. Hajaja kuchagua. Sisi tumo jikoni mwake, mikono imejaa povu, na majina yetu yanaitwa kutoka vyumbani.

Haya, tusimame tuimbe. Mwenye sauti ya chura ndiye aanze.