Kiti Kimoja cha Mtangazaji

Sogeeni karibu, na mwenye redio aipunguze sauti kidogo. Leo nina hadithi ya kiti kimoja na watu watatu. Nikifika mwisho sitawaambia nani alikikalia, kwa sababu hadi ninapoketi hapa kusimulia, kiti bado ni kitupu. Neno la mwisho litakuwa lenu.

Sikonge, kule wanakorina asali, kuna timu ya mpira iitwayo Nyuki, na kuna redio ndogo ya mji iitwayo Asali. Miaka yote Nyuki ilipocheza kwenye vumbi, Redio Asali ilitangaza mechi zake kwa nguvu za watu watatu.

Wa kwanza ni Nkwabi, kinyozi. Yeye Mungu alimpa sauti. Akiwa kibandani kwake, wembe mkononi, akianza kusimulia goli la jana, wapita njia husimama na mteja anayenyolewa husahau kulalamika kwamba nusu ya kichwa bado. Nkwabi akisema mpira umekwenda kulia, shingo yako inageuka kulia hata kama umefumba macho.

Wa pili ni Mwalimu Kalunde, wa shule ya msingi. Yeye alipewa macho. Nusu ya wachezaji wa Nyuki wamepita mikononi mwake wakiwa na kaptula zilizotoboka, na anawajua kwa jinsi wanavyokimbia. "Yule anayeutupa mguu wa kushoto nje ni Mihayo," husema. "Hata darasa la pili alikuwa akikimbilia uji hivyohivyo."

Wa tatu ni Sizya, fundi redio, baba yake huyo Mihayo. Yeye kipaji chake kiko mikononi. Redio iliyolowa, iliyoungua, iliyokanyagwa na ng'ombe, mletee Sizya. Ni mtu wa maneno machache. Ukimsifu, atakuuliza kama umekuja na betri.

Basi kila mechi walikaa dawati moja pembeni ya uwanja. Kalunde akinong'ona majina, Nkwabi akiyapaza, Sizya akishika waya wake na kuhakikisha yote yanafika hewani. Wagonjwa hospitalini walisikiliza. Akina mama wanaochuja asali walisikiliza. Hakuna aliyewahi kuuliza nani kati ya watatu hao ni mkubwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kugombea.

Kisha Nyuki ikapanda ligi ya juu.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini ilikuja na habari nyingine. Redio moja kubwa ya jijini ilikuwa imechukua haki ya kutangaza mechi zote za ligi, na Redio Asali ikaambiwa inyamaze. Watu wa Sikonge wakaanza kuisikiliza timu yao kwa kinywa cha mgeni. Mihayo aliitwa Mhagama. Kipa alipewa jina la beki. Na mara nyingi, mechi ikiwa imefika patamu, mtangazaji wa jijini alisema, "Tuiache hii kwanza, tuelekee kwenye mchezo mkubwa," na Sikonge nzima ikabaki na matangazo ya sabuni.

Mashabiki walichoka. Wakamtuma mwenyekiti wao, Bi. Shija, muuguzi mstaafu asiyejua kukubali kufukuzwa mlangoni, akaonane na wakubwa wa ligi. Akakutana na Bwana Tindwa, msimamizi wa matangazo.

"Mama," Bwana Tindwa alimwambia, "redio yenu ni ndogo. Mkikatika hewani, aibu ni ya ligi."

"Redio kubwa inatukata kila Jumamosi, na hiyo aibu ni ya nani?"

Bwana Tindwa akacheka, akafikiri. "Haya. Nyuki inacheza ugenini wiki ijayo. Tangazeni ninyi. Nitasikiliza mwenyewe. Kama watu wenu watauona mchezo kwa masikio yao, kuanzia kipyenga cha kwanza hadi cha mwisho, mechi za Nyuki nitawapa. Mkishindwa, msinijie tena."

Hivyo watatu wetu wakasafiri na timu.

Siku ya mechi ilinyesha mvua ambayo wenyeji wenyewe walisema hawajaizoea. Chumba cha watangazaji kilikuwa cha redio ya jijini, kwa hiyo wao walikaa jukwaani chini ya mwavuli mmoja. Kabla ya mapumziko, simu iliyokuwa ikipeleka sauti studio ikapoteza mtandao. Sizya akaizungusha huku na huku, hakuna kitu. Akatazama nyuma ya jukwaa akaona tangi refu la maji. Akafunga simu kwenye mfuko wa plastiki, akaburuta waya, akapanda ngazi ya chuma iliyokuwa ikiteleza, akasimama juu ya tangi, mkono mmoja umekumbatia bomba, mwingine umeinua simu. Mtandao ukarudi.

Lakini tangi lilikuwa nyuma ya jukwaa. Kutoka pale juu Sizya aliona mabati tu. Siku hiyo mwanawe Mihayo alikuwa amepangwa kikosi cha kwanza, si akiba tena, kwa mara ya kwanza katika ligi ya juu, na baba mtu alisafiri njia nzima akiwa na hamu ya kumwona. Alibaki juu ya tangi hadi mwisho, hedifoni masikioni, mvua ikimpiga usoni.

Na wakati ule Sizya akihangaika kupanda, Nkwabi alifanya nini? Aliambiwa kwa ishara kwamba sauti haiendi. Mtu mwingine angenyamaza apumzishe koo. Nkwabi aliendelea kutangaza kwenye kipaza sauti kilichokufa, kwa moto uleule, kona kwa kona, bila kujua kama kuna anayemsikia duniani. Kalunde akamvuta shati: "Nkwabi, hatuko hewani!" Nkwabi akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akajibu, "Tukirudi wasinikute kimya, Mwalimu. Watadhani tumewaacha." Na kweli, laini iliporudi, Sikonge ilimdaka katikati ya sentensi, mpira ukiwa miguuni mwa Nyuki.

Halafu mapumziko. Mtangazaji wa jijini alikuwa amekwama njiani kwa mafuriko, na chumba chao kilikuwa na viti vikavu visivyo na mtu. Bosi wao akashuka mwenyewe akamshika Nkwabi bega. "Kaka, panda juu ukatangaze na sisi. Nchi nzima itakusikia. Na kazi ni yako, si ya leo tu." Nkwabi, aliyeota maneno hayo tangu ujana wake, alimtazama yule bwana, akautazama mwavuli uliotoboka. "Nina watu wananisubiri Sikonge," akasema. Akageuka upande wa pili asionekane uso.

Kipindi cha pili uwanja uligeuka tope. Jezi zote zikawa rangi moja, namba hazisomeki. Wenyeji jukwaani walianza kuulizana nani ni nani. Hapo ndipo Mwalimu Kalunde alipouokoa mchezo. Alitoka chini ya mwavuli kwa kuwa ulimzuia kuona, akasimama mvuani akiinama sikioni mwa Nkwabi, akitaja mmoja mmoja kwa miguu yao, kwa mabega yao, kwa namna wanavyogeuka. Shabiki mmoja wa wenyeji alimkejeli: "Mama, nenda kajikaushe, huu ni mpira!" Kalunde hata hakumwangalia.

Mechi ilipokaribia kwisha, krosi ikaingia, kukawa na rundo la watu golini, mpira ukalala wavuni. Kipaza sauti cha uwanja kikatangaza mfungaji: nahodha wa Nyuki. Nkwabi akavuta pumzi ampaishe nahodha. Kalunde akamkamata mkono.

"Siyo! Ni Mihayo. Mguu wa kushoto. Ni Mihayo!"

Nkwabi hakusita. "Mihayooo! Mihayo wa Sizya! Mihayo wa Sikonge!"

Juu ya tangi, mtu mmoja aliyekuwa akitazama mabati alilisikia jina hilo masikioni mwake. Hakuweza kurusha mikono, maana mikono ndiyo iliyoshika sauti. Alilia akiwa amesimama hivyohivyo. Baadaye mwamuzi alithibitisha kuwa mfungaji ni Mihayo, na redio ya jijini, iliyokuwa imemtaja nahodha kwenye habari, ikasahihisha kesho yake.

Nyuki ilishinda. Bwana Tindwa akampigia Bi. Shija simu. "Mama, mlikatika kidogo, lakini nimeloa na mimi nikiwa ofisini kwangu. Mechi za Nyuki ni zenu."

Hapa hadithi nyingi zingeishia na ngoma. Yetu ilipata mkosi kidogo, kwani Bwana Tindwa aliongeza neno: redio ya mji hupewa kadi moja, yaani kiti kimoja, ya kuingia chumba cha watangazaji. Mtu mmoja, jina moja, msimu mzima. Bi. Shija aliomba kadi tatu, akakataliwa. Aliomba wapokezane, akakataliwa. Aliomba wawili wakae jukwaani kama siku ile, akakataliwa. Vyumba ni vidogo, na sheria ni hiyohiyo kwa wote.

Basi mashabiki wakakutana katika ukumbi wa shule.

"Tulichosikia ni sauti ya Nkwabi," alisema muuza nyanya mmoja. "Na kazi ya jijini aliikataa kwa ajili yetu. Leo tumnyime na hii?"

"Sauti bila majina ni kelele," akajibu dada mmoja anayechuja asali. "Jijini wana sauti nzuri, na bado walituitia mtoto wetu Mhagama."

"Na bila Baba Mihayo mngesikiliza nini?" akauliza mzee wa nyuma. "Mvua?"

Bi. Shija akawaomba wenyewe waseme. Nkwabi akasimama. "Sitawadanganya, nakitaka. Ile kazi ya jijini kapewa mwingine. Nikikosa hiki, nitakufa nikitangazia vichwa vya watu kibandani."

Mwalimu Kalunde akasema polepole, "Miaka yote nimenong'ona, na majina yangu yametoka kwa kinywa cha mwenzangu. Simlaumu. Lakini ningependa mara moja niseme kwa sauti, wanafunzi wangu wa kike wasikie."

Sizya akainuka wa mwisho. "Viwanja vyenyewe mtandao ni shida, mnajua. Mimi kutangaza siwezi sana, ila nitajifunza." Akakuna kichwa. "Goli la mwanangu nililisikia. Sikuliona."

Bi. Shija akaita mikono, na kila jina lilipotajwa mikono iliyoinuka ilionekana mingi vilevile. Wengine waliinua mara tatu, wala hawakuona aibu. Watatu wenyewe walikuwa wamekaa benchi moja, mabega yakigusana, hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Jina linatakiwa kesho asubuhi," akasema Bi. Shija, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Nisaidieni, jamani."

Sikonge hawakumsaidia. Kwa hiyo nawaletea ninyi. Aliyekataa kiti kikavu ili asiwaache watu wake, aliyewatambua watoto wake katika tope, na aliyeshika sauti juu ya tangi akakosa kumwona mwanawe: mngempelekea Bi. Shija jina la nani? Na wale wawili watakaobaki, mngewaambia nini usoni?