Kompyuta ya Mama Pindo

Mbacha ni mkeka uliochakaa, ncha zimefumuka, lakini ndio unaoulalia kila siku. Msala ni mkeka mzuri, ila huo unaoutamani ni wa mpita njia. Akiondoka, huondoka nao. Ndiyo maana wahenga walituonya tusiache mibacha yetu kwa misala ipitayo. Wahenga hao hawakuwahi kuona kompyuta, lakini Mama Pindo angekuwa shahidi wao bila kusita.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa kuwa pindo likishapita mikononi mwake halikufumuka tena. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na, pembeni, chini ya kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe, kompyuta. Humo ndimo alimoweka vipimo vya watu mia nane na ushei, pamoja na michoro ya kukatia nguo zao. Wa kwanza katika orodha alikuwa marehemu mumewe. Wa tatu alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali, ambaye bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na hakuna aliyewahi kuligundua akiwa ndani ya sare ya Mama Pindo.

Hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa. Mwezi huo ilimwandikia kwamba kuanzia Jumatatu, oda zote za sare zingepitia programu mpya, isiyofunguka kwenye kompyuta zenye mfumo wa zamani. Mama Pindo akabonyeza kitufe cha kupandisha mfumo. Skrini ikamjibu: "Kompyuta hii haikidhi masharti." Chini yake palikuwa na maneno madogo: "Angalia sababu." Hakuyagusa. Yale ya juu yalimtosha kumkata maini.

Akafunga safari hadi duka la kompyuta. Muuzaji alikuwa na ulimi wa asali, na hakuuliza hata ni kompyuta gani.

"Hiyo imekula chumvi nyingi, mama. Ilete tuichukue, uongeze kidogo, uondoke na mpya. Ofa inaisha kesho saa sita mchana."

"Na kazi zangu zilizomo?"

"Zinakili kwenye flashi. Sisi tukishaipokea tunafuta vyote, ndio utaratibu."

Asubuhi yake, saa nne, kazi zake zikiwa tayari kwenye flashi juu ya meza, Mama Pindo alikuwa akiifunga kompyuta kwa shuka shemeji yake alipoingia na suruali begani. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi redio wa siku nyingi, na ndiye aliyemuundia kompyuta hiyo. Mama Pindo hakuwa amemwita. Alijiambia kwamba shemeji ni mtu wa redio na pasi, mambo ya leo yamemwacha mbali.

"Shemeji, unamzika nani?" aliuliza fundi redio.

"Wewe na mizaha yako. Imekataa mfumo mpya, naipeleka dukani."

"Imekataa kwa nini?"

"Inasema haikidhi masharti."

"Masharti gani?"

Mama Pindo akaendelea kukaza fundo la shuka.

"Haya, nikikuletea suruali nikasema hainitoshi, utaitupa?"

"Nitakuuliza inabana wapi. Ingawa kwa tumbo hilo sina haja ya kuuliza."

"Basi na hii tuiulize inabana wapi."

Wakaifungua shuka, wakaiwasha kompyuta. Fundi redio akavaa miwani, akabonyeza yale maneno madogo, akawa anasoma huku kidole kikifuata mistari. Prosesa, ubongo wa mashine, ilifaa. Kumbukumbu ilitosha na kubaki. Chipu ya usalama haikuonekana. Akaizima kompyuta, akaiwasha kwa kuingia kwenye mipangilio ya ndani, na chipu akaikuta. Ilikuwepo, ila imezimwa. Kisha akaitazama diski. Akavua miwani.

"Shemeji, kosa hili ni langu. Kompyuta yako ya kwanza ilikufa mwaka ule ule alioondoka kaka. Nilikuundia hii, lakini diski nikaihamisha nzima nzima kutoka kule, ili usipoteze hata kipimo kimoja. Imepangwa kwa mtindo wa zamani. Ili mashine iikubali, nikazima ulinzi wake mpya, pamoja na ile chipu. Sikukwambia."

"Kumbe yenyewe ni nzima?"

"Nzima. Na hiyo flashi yako imebeba michoro tu. Programu inayoifungua, kampuni yake ilishafunga milango. Kwenye kompyuta nyingine haiingii tena."

Mama Pindo akaketi. Alikuwa amebakiza hatua chache tu apeleke miaka kumi na mmoja ya vipimo ikafutwe.

"Naweza kuipanga upya diski bila kufuta kitu," alisema shemeji, "lakini naweza pia kushindwa. Kama unataka ofa yao, muda bado upo."

Mama Pindo akaitazama saa ya ukutani, kisha akamsogezea shemeji yake kiti. "Fanya."

Fundi redio kwanza akanakili diski nzima kwenye diski nyingine. Kazi hiyo iliwapitisha saa sita mchana, saa ya ofa, na hakuna aliyeitaja. Halafu akaipanga upya, akaurudisha ulinzi, akauliza tena. Skrini ikasema: "Kompyuta hii inakidhi masharti."

Mfumo mpya ulipokamilika alasiri, Mama Pindo alifungua programu yake. Watu mia nane na ushei walikuwepo wote, mumewe akiwa wa kwanza. Machozi yakamtoka naye hakuyaficha.

"Nisamehe, shemeji. Sikukuita kwa sababu nilidhani umepitwa na wakati. Miaka yote hii nimekula matunda ya wema wako bila kujua. Ahsante sana."

"Suruali yangu," alijibu shemeji, akitazama pembeni.

Akaishona hapo hapo, akamwongezea kiuno vidole vitatu, na pindo akalipitisha mara mbili. Jumatatu oda ya hospitali ikaingia, sare arobaini, na jina la kwanza lilikuwa la muuguzi mkuu. Mama Pindo akaufungua mchoro wake, akalikuta lile bega la kushoto mahali pake, akachukua mkasi huku akimshukuru Mungu na shemeji yake. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.