Weusi Ndani ya Darubini

Tulieni kidogo. Na ninyi mlioketi karibu na mlango, msijifanye mmekaa hapo kupunga upepo, nawaona. Leo tunaingia porini, na huko porini hakuna mlango wa nyuma.

Palikuwa na mwindaji mmoja katika wilaya iliyopakana na pori la akiba. Mwindaji wa haki, mwenye kibali chenye muhuri, na bunduki moja tu. Kwa bunduki hiyo hiyo aliwinda swala, tandala, pofu, na msimu ukiruhusu, nyati. Miaka yote alilenga kwa jicho tupu. Lakini alipofika hamsini na tano, jicho likaanza kumfanyia utani. Siku moja alimnyatia swala nusu saa nzima, kwa tumbo, kwenye upupu, akaja kugundua ni kichuguu. Mnacheka? Haya, chekeni. Subirini na ninyi mfike hamsini na tano.

Akaenda mjini kwa fundi wa bunduki, atafute darubini, ile inayofungwa juu ya bunduki kwa kulengea.

Fundi alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache na miwani minene. Alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza, akapanga darubini tatu. Ya kwanza fupi, nyembamba, huna hata hamu ya kuishika. Ya pili ya wastani. Ya tatu, jamani! Nene kama chupa ya chai, kioo chake cha mbele kinang'aa zambarau, pete za kuzungusha kila mahali.

"Unawinda nini?" fundi akauliza.

"Vyote. Kuanzia swala mpaka nyati."

"Bunduki ngapi?"

"Moja."

"Basi chukua hii fupi."

Mwindaji akaitazama ile fupi jinsi unavyomtazama mtu aliyekuletea zawadi ya kiberiti harusini kwako. "Hii inavuta mpaka wapi?"

Fundi akavua miwani. "Mzee wangu, miaka ishirini nakaa hapa. Kila anayeingia ananiuliza inavuta mpaka wapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inaanzia wapi. Hii fupi inaanzia moja. Maana yake, ukitaka, unaona kama Mungu alivyokuumba, pori zima, kushoto na kulia. Ile nene inaanzia kukuza mara sita. Ndogo yake ni kubwa mno. Haijui kutazama kitu cha karibu."

"Cha karibu nitakiona mwenyewe," akasema mwindaji, huku mkono umeshafika kwenye ile nene.

Akatoka nayo mlangoni, akaielekeza kwenye kilima cha mawe ng'ambo ya mji. Hapo ndipo moyo wake ulipotekwa. Juu ya jiwe, mahali ambapo macho yake yalikuwa yakiona ukungu tu, alimwona pimbi. Pimbi amekaa, anatafuna jani. Aliziona sharubu zake! Aliona jani linavyopungua, kidogo, kidogo, mpaka kikonyo. Kiumbe kile kilikuwa kimekaa pale tangu dunia iumbwe, hakuna mtu mjini aliyekijua, na yeye alikuwa anakitazama mdomoni.

"Ee Mungu wangu," akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Tusimcheke kwa hilo. Ile ilikuwa ibada. Mtu akiona sharubu za pimbi kutoka umbali ule asishtuke, huyo ana shida kubwa zaidi ya macho.

Akalipa, akaenda nayo nyumbani siku ile, kesho yake airudishe ifungwe kwenye bunduki. Uani watu wakapanga foleni kuchungulia kilima. Mkewe naye akaja, amejifunga khanga, akasimama mbele yake. "Haya, na mimi nitazame basi."

Akamtazama. Akazungusha pete hii, akazungusha ile.

"Unaniona?"

"Sogea nyuma kidogo, mama watoto."

"Hapa?"

"Nyuma tena."

"Nikisogea tena nitakuwa kwetu!" mama akasema, akaingia zake jikoni.

Wanandoa, tazameni mbele. Msigusane viwiko.

Msimu ukafika. Mwindaji akaingia porini na shemeji yake, kaka wa huyo mama, ambaye ndiye msoma nyayo. Huyo shemeji hakubeba silaha, fimbo tu na chupa ya maji. Asubuhi wakati wa kuondoka, yule mama alikuwa amesema neno moja tu mlangoni: "Kaka yangu mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja. Unirudishie." Mwindaji alikumbuka maneno hayo njia nzima, na kila alipoyakumbuka alipapasa ile darubini juu ya bunduki, ikampa amani.

Saa mbili wakatokea kwenye ukingo wa mbuga. Ng'ambo, mbali, katikati ya nyasi na mvuke wa asubuhi, palikuwa na doa jeusi. Mwindaji akalala chini, akazungusha pete mpaka mwisho.

Nyati dume. Peke yake. Pembe zake zimekutana juu ya paji kama magome ya mti mkongwe. Ndege aitwaye shashi alikuwa shingoni mwake anadonoa kupe, na mwindaji akaona mpaka ngozi inavyotikisika pale mdomo wa ndege unapogusa. Akashusha pumzi. Hakuwahi kumwona mnyama hivi. Alijiona kama mtu aliyeruhusiwa kuingia chumba asichostahili.

"Tumsogelee, shemeji," msoma nyayo akanong'ona. "Upepo ni wetu. Kwa mwendo wa polepole tutamfikia."

"Nisogee wapi, na mtu yuko sebuleni kwangu?"

"Sebuleni kwako ndani ya hicho kioo. Kwa miguu yangu mimi yuko wilaya nyingine. Nyati hapigwi kutoka wilaya nyingine."

"Tulia, uone."

Akapiga. Risasi ikavuka mbuga, upepo ukaisukuma kidogo, kiasi cha shubiri tatu. Nyati akajikunja, tumbo limepigwa, akageuka, akaingia kwenye kichaka cha miiba.

Shemeji hakumlaumu. Alitazama chini tu, akafunga kamba za viatu upya. Mnajua kwa nini? Kwa sababu wawindaji wa kule wana sharti moja lisiloandikwa popote: aliyemjeruhi nyati ndiye anayemfuata. Humwachi. Ukimwacha, kesho mwanamke atakwenda kuokota kuni na atamkuta yeye, na kosa lako atalilipa mtu asiyekujua hata jina.

Wakaingia.

Ndani ya miiba dunia inabadilika. Hakuna mbali. Mbali kumekwisha. Kuna jani mbele ya pua, kuna mwiba kwenye shati, kuna tone la damu kwenye mchanga. Shemeji akaligusa. Bado la moto. Hatua kumi, tone jingine. Halafu matone yakakoma, na ndege wote, wote kabisa, wakanyamaza. Nyati aliyejeruhiwa ana akili ya kutisha: huzunguka, akarudi kukaa kando ya njia yake mwenyewe, awasubiri wanaomfuata.

Shemeji akasimama. Shati lake lilikuwa limenaswa na miiba begani, akawa hawezi kwenda mbele wala kurudi. Hakugeuza kichwa. Midomo tu ndiyo iliyosogea.

"Shemeji. Piga."

Mwindaji akainua bunduki, jicho kwenye kioo. Akaona weusi.

"Wapi?"

"Mbele yako. Hatua sita. Ananitazama mimi."

Akausogeza mtutu kushoto. Weusi. Kulia. Weusi. Juu, chini, weusi mtupu, hauna mwanzo wala mwisho, kama wa mtu aliyefumba macho. Jasho likamtiririka. Akawaza, ameondoka. Ameondoka, ameniachia kivuli, na mimi nakitafuta kivuli.

"Simwoni. Hapa pana giza tu."

"Giza gani, saa nne asubuhi?"

Na hapo ndipo alipoliona jambo ambalo, ukimtoa shemeji, hakulisimulia kwa mtu yeyote mwaka mzima. Ule weusi ulipumua.

Ulijaa, ukashuka. Ndani yake akaona kitu kama nyuzi, nyuzi elfu, zikiinuka na kulala pamoja. Punje moja ya tope kavu ikakatika, ikaanguka. Yalikuwa manyoya. Alikuwa anautazama ubavu wa nyati, karibu kiasi kwamba nyati mzima hakuenea kwenye kioo, wala nusu yake, wala robo.

Akatoa uso kwenye darubini.

Mungu wangu! Alikuwa pale. Amesimama mzima, mrefu kuliko wazo lolote la nyati, pua imelowa, jicho moja limemkazia shemeji, joto lake linafika mpaka mashavuni mwa mwindaji. Na alikuwa pale muda wote. Nyati akainamisha kichwa kuanza kukimbia, na mwindaji akapiga bila kulenga kwa kioo, kama unavyomnyooshea mtu kidole. Nchi ikatikisika. Vumbi lilipotulia, pembe ilikuwa imelala juu ya kiatu cha shemeji.

Shemeji akauchomoa mguu wake chini ya pembe. Kisha akauliza, "Sasa wewe ulikuwa unatazama nini muda wote huo?"

"Nilikuwa namtazama yeye," mwindaji akajibu, analia. "Nilikuwa namtazama yeye yule yule, nikamwita giza."

Haya. Sasa asitokee mtu hapa akaenda sokoni kusema mhubiri kamfananisha Mungu na nyati. Sijafanya hivyo. Nimewafananisha ninyi na mwindaji, na mimi mwenyewe niko kwenye hiyo foleni, mbele kabisa.

Maana sisi tunapenda Mungu wa ng'ambo ya mbuga. Si ndivyo? Tukisikia ametenda jambo mji wa mbali, tunakodi basi. Alivyotenda zama za mababu, tunasimulia mpaka ngozi inavyotikisika. Tukiwa mbali naye tunamwona vizuri sana, mzima, na pembe zake zote, na tunajisikia watu wa kiroho kabisa. Hata tunampigia hesabu kutoka huko, tunajua atafanya nini na lini.

Halafu siku inafika tunaingia kwenye miiba. Mama, umekaa wodini umeshika mkono wa mtoto, siku ya tisa. Baba, umerudi kutoka makaburini, nyumba ina kiti kimoja cha ziada. Unainua jicho kwenye kioo chako cha siku zote, maombi yale yale, wimbo ule ule uliokuwa ukikuonyesha utukufu, na unaona nini? Weusi. Kushoto weusi, kulia weusi. Nasi tunasema nini? Tunasema, ameondoka.

Nani alikwambia ameondoka?

Mbona hatujawahi kuuliza swali la pili? Mbona haijatupitia akilini kwamba mkubwa kama huyo, akisogea hatua sita kutoka kwetu, hawezi kuenea kwenye kioo chetu? Kwamba ule weusi uliokutisha usiku na mchana, unaouita utupu, huenda ndio ubavu wake?

Siwezi kukuahidi kwamba ukiinua uso utamwelewa. Mwindaji hakumwelewa nyati, alilia tu. Lakini dada yangu, kaka yangu, uliyekuja leo huku moyoni umeshaamua hii ndiyo mara ya mwisho, kwa sababu umetazama na kutazama na hakuna kitu: keti. Usiongee. Usizungushe pete yoyote. Tazama huo weusi wako kwa dakika moja zaidi, uone kama haupumui.